Leseni ya Bi Pimbi Mng'oa Meno

Nimekuja na ngano.
— Ilete!
Ina mhuri wa serikali?
— Haina!
Mkaguzi ameionja?
— Bado!
Na mtaisikiliza hivyo hivyo?
— Hivyo hivyo!

Basi sogeeni, na anayetafuna karanga atafune taratibu.

Hapo kale, katika jimbo la wanyama, kulikuwa na soko, na sokoni kulikuwa na udanganyifu. Kicheche aliuza chumvi iliyochanganywa na majivu. Kunguru aliuza dawa ya macho ambayo ukiipaka huoni kabisa. Wanyama wakaenda kumlilia Simba, mkuu wa jimbo, wakasema wanunuzi wanaumia. Simba akasikitika sana. Alisikitika tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, kisha akaunda Ofisi ya Leseni na Ulinzi wa Wanunuzi, na kwa busara zake zote akamweka Fisi kuwa mkaguzi mkuu. Kwani nani katika jimbo zima alikuwa na uzoefu wa vyakula vya watu kumshinda Fisi?

Fisi akaanza kazi kwa bidii. Akaketi mlangoni mwa ofisi, pale pale sokoni, na pembeni yake Kobe, karani, na kitabu cha kanuni.

Nyuki akaja na asali. Leseni unayo? Sina. Lete sampuli. Nyam, nyam, nyam, mzinga ukaisha. Njoo kesho.

Kanga akaja na mayai. Leseni unayo? Sina. Lete sampuli. Nyam, nyam, nyam, kikapu kikaisha. Njoo kesho.

Kicheche akaja na chumvi yake ya majivu, na chini ya chumvi kuku watatu wanono. Nyam, nyam, nyam. Huyo alipata leseni siku hiyo hiyo.

Kwa kweli wanunuzi walilindwa vizuri mno. Haikupita miezi miwili, sokoni hapakuwa na kitu cha kununua.

Siku moja Kobe, kwa upole wake, alijitolea kumsaidia mkuu wake kuonja. Fisi akanuna, akaamuru iandikwe kwamba kila kazi itajaribiwa mara tatu, hadharani, kwa kinywa cha mkaguzi mwenyewe. Siku nyingine Ngiri akaleta boga lililooza. Fisi akaamuru iongezwe kwamba sampuli iwe nzima, isiyo na uozo hata chembe. Simba naye, asije akaonekana hafanyi kazi, akatia mstari wake: mkaguzi atakayetoa leseni bila jaribio ataondoka kazini siku hiyo hiyo. Kobe akaandika yote. Kobe huandika polepole, ila hafuti.

Sasa, kwenye mawe ya juu ya mto aliishi Bi Pimbi, mnyama mdogo ambaye ukifumba macho unamkanyaga. Kazi yake ilikuwa kung'oa meno, na alifundishwa na mama yake, aliyefundishwa na mama yake. Alikuwa na koleo dogo na mkono mwepesi. Aliposikia habari za leseni hakungoja kuitwa. Alijifunga kanga yake safi akaenda ofisini mwenyewe. Fisi akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akamnusa.

"Kinywa changu kitaonja nini kwako?" akauliza. "Koleo?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, maana ilibidi wacheke. Bi Pimbi akaambiwa aje kesho. Kesho akaja, akaambiwa kesho. Akaenda hivyo mwezi mzima.

Na mwezi huo wote jirani yake, Mzee Nyani, alikuwa na shavu lililovimba hadi jicho moja limefichika. Hali, halali. Kila asubuhi alikuja kuketi mlangoni kwa Bi Pimbi akimsihi, "Mwanangu, ling'oe tu. Nani atajua?" Bi Pimbi aliumia moyo, lakini fundi asiye na leseni akikamatwa alifukuzwa jimboni, yeye na watoto wake wote, na watoto wa Bi Pimbi hata macho walikuwa hawajafumbua vizuri. Basi alimchemshia mzee maji ya chumvi asukutue. Na chumvi yenyewe ilikuwa ile ya Kicheche, ya majivu, ila yenye leseni.

Asubuhi moja Bi Pimbi alisikia vishindo, puu, puu, puu, na mtu analia. Alikuwa Fisi, ameshika taya. Asali yote ile ya kuwalinda wanunuzi ilikuwa imelitoboa jino lake la nyuma, na sasa jino lilikuwa linapiga ngoma hadi kisogoni. Akamwita Bi Pimbi dada yake. Akamwomba aling'oe pale pale.

"Mheshimiwa, mimi sina leseni," akasema Bi Pimbi.

Fisi akasema anampa sasa hivi. Bi Pimbi akamuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mheshimiwa amesahau mstari wa Simba. Yeye ni mnyama mdogo, akasema, na hawezi kuvunja sheria iliyotungwa na wakubwa. Bora waende sokoni kwa Kobe, wafuate kanuni.

Wakaenda. Ilikuwa siku ya gulio, soko limejaa. Kobe akafungua kitabu, akasoma: mara tatu, hadharani, kwa kinywa cha mkaguzi mwenyewe. Akageuza ukurasa, na hilo lilichukua muda. Sampuli iwe nzima, isiyo na uozo hata chembe.

"Lakini linaloniuma ni hili bovu," Fisi akalalamika.

"Bovu haliruhusiwi, mheshimiwa," akasema Kobe. "Uliandikisha mwenyewe, siku ya boga."

Fisi akafikiri. Angeweza kuacha cheo na kwenda kung'olewa jimbo la pili. Lakini akaitazama foleni: vikapu, vibuyu, mbuzi aliyebanikwa, vyote vinangoja kuonjwa naye. Aache hayo yote kwa ajili ya meno matatu? Akaketi, akafumbua kinywa.

Bi Pimbi alichagua kwa uangalifu, kama mnunuzi anayejua haki zake. Akashika jino la chonge la juu kulia. Nyofo! Likaanguka kwenye karai, ting'.

"Moja," akasema Kobe.

Akashika jino la chonge la juu kushoto. Nyofo! Ting'.

"Mbili."

Akashika gego, lile kubwa la kuvunjia mifupa. Hilo lilikuwa na mizizi mirefu. Akaweka mguu kwenye pua ya mheshimiwa. Nyofooo! Ting'.

"Tatu," akasema Kobe, akapiga mhuri, pwa.

Hakuna aliyecheka. Soko zima lilishikwa na kikohozi tu.

Bi Pimbi akaipokea leseni, akaisoma mbele na nyuma, akaining'iniza shingoni. Fisi, damu inamchuruzika, akamwonyesha kwa ukucha lile jino bovu. Bi Pimbi akamwita Mzee Nyani, kwa kuwa alikuwa amesubiri mwezi mzima. Nyofo! Ting'. Mzee akalia kwa raha, akaomba ndizi. Akafuata Swala, akafuata Ngiri, akafuata Kanga, ambaye hana meno ila alitaka kuwa kwenye foleni. Jua lilipoinama Bi Pimbi akafuta koleo lake, akalifunga kwenye kitambaa.

"Na mimi?" akauliza Fisi.

"Wewe, mheshimiwa," akasema Bi Pimbi, "njoo kesho."

Akaja kesho. Akaambiwa kesho.

Fisi ni mkaguzi mkuu mpaka leo. Wauzaji humpelekea mifupa mikavu kuwa sampuli. Huilamba mara tatu, machozi yakimtoka, kisha anapiga mhuri.

Na funzo la ngano hii, wapendwa wangu, ni kwamba tusiwe wajanja hata kidogo. Tuwaheshimu wakaguzi, tusiwacheke, na tufuate kanuni neno kwa neno, kama Bi Pimbi, mtiifu kuliko wote.

Ngano yangu imefika mwisho. Ikiwakolea, nendeni nayo.
— Twende nayo!
Isipowakolea, nirudishieni.
— Tukurudishie lini?
Njooni kesho.