Wimbo wa Nuhu Uliotoka Ghalani

Mtaniwia radhi, wapendwa, mfano huu nitausimulia vibaya. Jana nilimjaribia mama mchungaji mezani, akainuka kwenda kusonga ugali tuliokuwa tumeshamaliza kuula. Lakini mimi nimekwisha kusimama na ninyi mmekwisha kukaa. Tuvumiliane.

Palikuwa na mama mmoja, mwalimu wa kwaya. Miaka sita mfululizo kwaya yake ilishika nafasi ya pili katika mashindano ya jimbo. Ya pili! Ya mwisho mtu huizoea. Ya pili inawasha kama upupu. Mwaka wa saba ulikuwa wa mwisho kabla hajastaafu, kwa hiyo akatunga wimbo wa Nuhu na kuulalia kama kuku anayeatamia. Mazoezi yalifanyika ndani ya ghala la pamba, madirisha yamefungwa, watu wanatoka jasho. Simu zote ndani ya ndoo, ndoo chini ya kiti chake. Ubeti wa mwisho hakuwapa hata wanakwaya. Waliuimba kwa la-la-la, maneno wangepewa asubuhi ya mashindano. Yalikuwa kwenye daftari lake, nalo lina jalada la Hisabati, maana alisema hakuna mtu mzima anayefungua Hisabati kwa hiari.

Siku ikafika. Kwaya ya usharika jirani ikatangulia kupanda. Wakaimba Nuhu, sauti ile ile. Ubeti wa tatu wakapiga magoti, kama alivyowafundisha watu wake. Ubeti wa mwisho, neno kwa neno. Mama yule akakaa chini kwenye vumbi na sare yake mpya.

Alipopata pumzi, akawakusanya watu wake nyuma ya jengo.

"Nani kautoa wimbo wangu?"

"Mwalimu, mimi sijautoa," akasema mwimba besi mmoja. "Nilimwambia shemeji yangu tu kwamba safari hii tunapiga magoti. Magoti si wimbo."

"Na huyo shemeji anaimba wapi?"

"Kule kwao. Besi mwenzangu."

Dada mmoja wa alto akainua mkono. "Mimi nilimbembelezea mtoto kwa ile sauti, pale bombani. Lakini mwalimu, ni la-la-la!"

"Bombani mlikuwa wangapi?"

"Foleni ya kawaida. Ndoo kama arobaini."

Kwaya yao ikapanda, ikaimba vizuri, na majaji wakaandika neno moja: "Wameiga." Hata ile nafasi ya pili wakaikosa.

Mnacheka. Haya, nionyesheni msaliti. Yuko wapi? Mmoja katoa goti, mwingine katoa sauti, na jirani akabaki na kazi ya kushona. Haba na haba hujaza kibaba. Mnadhani mwizi hajui methali?

Na sisi je? Tunafunga mlango kwa kufuli mbili, kisha tunaandika kwenye kikundi cha simu kwamba familia nzima tuko msibani mpaka Jumapili. Namba ya siri tunampa binti wa dukani kwa sababu tumesahau miwani. Ndugu anatunong'oneza ugonjwa wake, sisi tunaupeleka jumuiya, eti ukaombewe. Kila neno tunaliona dogo. Kabla hujalitoa, jiulize linakwenda kukutana na maneno gani mengine huko nje.

Sasa nawaona walioketi mbele wananikodolea macho: mchungaji, na ule ubeti wa mwisho? Ni kweli. La-la-la haina maneno, na daftari halikuibwa. Lakini mnajua utaratibu wetu: wimbo mpya hauimbwi kabla mchungaji hajaupitia, asije Nuhu akapewa safina yenye injini. Mchungaji wa yule mama aliusoma, akatokwa na machozi, akarudisha daftari. Hakumwambia mtu hata mmoja.

Alimwambia Mungu. Katika ibada ya pamoja na usharika jirani, roho ikampanda, akauomba ubeti wote, toka mwanzo hadi amina, kwa kipaza sauti.

Mchungaji huyo ni mimi. Tena nilifumbua jicho moja, nikamwona mwalimu wa kwaya ya jirani anaandika mbio mbio. Nikajisemea: asante Bwana, miaka ishirini ya utumishi, hatimaye amepatikana mtu anayeandika ninachosema!