Kanzu Nyeupe za Jumbe Nakapala

Sabuni haizai doa.

Mnaniuliza mimi chanzo cha maneno hayo? Mmefika penyewe. Katika kijiji hiki chote hakuna anayekijua kisa hicho kuliko mimi. Ni kweli, wale waliokijua kunishinda wameshazikwa, kwa hiyo nimeshinda kwa kubaki. Lakini ushindi ni ushindi. Basi acheni kulikodolea macho shati lenu lililoharibika, na msimseme aliyelifua. Kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Enzi za majumbe, hapa Namlola palikuwa na mjane akiitwa Bi Somoe. Kazi yake ilikuwa kufua kanzu za wanaume, na kwa kazi hiyo alipata mtama, muhogo mkavu, na siku nyingine samaki wa kukaanga, akajilisha yeye na mama yake mzee. Msidhani kufua kwa siku hizo ni huku kwenu kwa kutumbukiza na kutoa. Sabuni ilikuwa ya mche, ndefu kama mkono wa mtoto, ikikatwa kwa uzi. Kanzu ililowekwa, ikafikichwa, ikasuuzwa maji matatu, na maji ya mwisho yalitiwa buluu kidogo tu, ili weupe uwe weupe wa kuumiza macho. Kisha wanga wa muhogo, kisha jua, kisha pasi ya mkaa, ile yenye jogoo wa shaba kwenye kifungo chake. Ukipita mlangoni kwa Bi Somoe asubuhi, unakutana na harufu ya wanga ukipigwa pasi. Mpaka leo, harufu hiyo ikinipitia puani, nageuka kumtafuta mtu ambaye hayupo.

Sasa mwaka mmoja, msimu wa korosho, kanzu za Jumbe Nakapala zikaanza kuharibika. Zilikuja kwa Bi Somoe zikiwa na vumbi tu la kawaida, zikirudi zina madoa ya kahawia kifuani na kwenye mkono wa kulia, kama aliyemwagikiwa chai. Ya kwanza Jumbe aliipokea kimya. Ya pili alikuja nayo mwenyewe, ameishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Somoe, hiki ni nini?"

"Ni doa, Jumbe."

"Naona kuwa ni doa! Nakuuliza limetoka wapi?"

"Hata mimi ndilo ninalojiuliza."

"Basi jiulize upesi. Nitakuletea ya tatu. Ikitoka hivi, utajibu barazani siku ya Jumamosi, na hutafua tena nguo ya mtu kijijini hapa. Watu wameshaanza kusema una mkono wa nuksi."

Na kweli walikuwa wameanza. Shoga zake wa kisimani walisogeza ndoo zao pembeni alipofika. Vikapu vya nguo vilivyozoea kupanga mstari mlangoni kwake viliondoka kimoja kimoja, mwisho wakabaki kuku tu. Mama yake akawa anauliza kila jioni, "Leo umeletewa nguo?" naye akawa anajibu, "Zitakuja, mama," huku akipunguza unga wa ugali.

Bi Somoe akaanza kumtafuta mchawi wake. Alianza na sabuni. Akaitoa sandukuni kanzu ya marehemu mumewe, akaifua kwa mche ule ule. Ikatoka nyeupe. Akahamia maji, akayateka kisima cha mbali, akafulia tambara. Tambara likatoka safi. Akaikagua kamba shubiri kwa shubiri. Ilikuwa ya katani, haina kutu wala utomvu. Pasi nayo akaiachilia, kwa sababu madoa yalijitokeza kabla jogoo wa shaba hajawekewa mkaa. Na buluu, jamani, ingetoa doa la buluu. Ikafika mahali akamshuku hata marehemu mumewe kaburini, maana mtu yule alikuwa na wivu.

Kanzu ya tatu ilipoletwa, hakuiloweka. Aliketi kwenye kigoda, akaipakata kama mtoto mgonjwa, akaitazama. Nyeupe, haina neno. Akaiinua karibu zaidi ili aone vizuri, na pua ikawahi kabla ya macho. Udi!

Akajiuliza. Mtu hufukiza udi nguo ya kwenda arusini. Nani hufukiza udi nguo ya kwenda kwenye beseni?

Akanusa tena, polepole. Chini ya udi palikuwa na harufu nyingine imejibanza, kama jirani anayechungulia nyuma ya pazia. Ilikuwa harufu ya bibo lililochacha.

Mtasema, mbona hakulijua doa la bibo tangu mwanzo, na huku kwetu mtoto kabla hajajua kuhesabu anajua kuwa tunda la mkorosho haliliwi ukiwa na nguo nzuri? Alilijua. Lakini kulikuwa na Jumbe. Jumbe Nakapala ndiye aliyepiga marufuku uraka, pombe ya mabibo, na mitungi ya watu aliipiga teke mwenyewe. Kila baraza alisema, "Mimi bibo nikiliona njiani nalizunguka." Bi Somoe aliweza kuishuku sabuni, maji, kamba na maiti, ila Jumbe hakumpitia akilini.

Akachukua kitambaa cheupe, akakikamulia bibo, akakianika. Kikakauka, doa halionekani vizuri hata ukilitafuta. Akakifikicha kwa sabuni, akakirudisha juani. Doa likachomoza lenyewe, la kahawia, kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau. Bi Somoe akacheka peke yake mpaka mama yake akauliza kama nguo zimekuja.

"Zimekuja, mama," akasema. "Zote."

Jumamosi alifika barazani na beseni kichwani, kanzu mbili begani, na kipande cha sabuni mkononi.

"Jumbe, naomba kufua hapa hapa mbele ya watu. Hii ni yako, wote waione ilivyo nyeupe. Hii ni ya marehemu mume wangu. Nikiharibu, nihukumuni."

Jumbe akakubali, maana alikuwa na uhakika na udi wake. Bi Somoe akafua, akasuuza, akaanika zote mbili kwenye kamba moja. Kwa jua la mwezi wa kumi, kesi ya mbuzi iliyofuata haikufika hata katikati kabla kanzu hazijakauka. Watu wakaacha mbuzi wakageukia kamba. Moja ilikuwa nyeupe. Nyingine ilikuwa na madoa kifuani na kwenye mkono wa kulia.

"Maji ni yale yale," akasema Bi Somoe. "Sabuni ni ile ile. Na doa hili, wenzangu, sote tunalijua kwa jina."

"Bibo!" ikasema sauti huko nyuma.

"Limenidondokea!" Jumbe akadakia. "Nimepita chini ya mkorosho."

"Bibo likidondoka humpata mtu kichwani au begani, Jumbe. Hili limeanzia kidevuni, likashuka kama linalojua njia."

Watu wakaziba midomo. Jumbe akainuka.

"Nisikilizeni! Mimi uraka sijauonja tangu nizaliwe. Na huu wa Nambunga, ulivyo mchachu, nani mwenye akili zake angeunywa?"

Bi Nambunga, ambaye asubuhi nzima alikuwa amejificha nyuma ya migongo ya wanawake ili mitungi yake isitajwe, akasimama. Alikuwa mtani wa Jumbe, na neno la mtani halishtakiwi. Lakini nadhani hata asingekuwa mtani angesimama. Kuna matusi mtu hayavumilii.

"Mchachu?" akasema. "Uraka wangu mchachu, mtani? Na zile kata tatu ulizoshusha juzi, ukajifuta kidevu kwa mkono wa kanzu ukasema tamu kama asali, ulikuwa unamsifu nani?"



Bi Somoe hakucheka. Alikitoa kile kipande cha sabuni kwenye beseni, kikiwa bado kinateleza, akamwonyesha.

"Na hiyo uliyovaa leo, Jumbe, naiona nyeupe kabisa. Nikufulie?"

Jumbe Nakapala akauficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo. Na mama yake Bi Somoe, bibi kizee aliyeletwa barazani kwa kushikwa mkono, akasema kwa sauti ya watu waliokwisha kula chumvi nyingi:

"Jamani, sabuni haizai doa."