Udongo wa Nyigu

Jamani, hadithi niwape?

Tupe, tumetulia!

Na atakayesinzia?

Tutamfinya!

Haya. Hapo kale, zamani hizo wanyama wanasema na watu wanawasikia, palikuwa na mjane aitwaye Nakijwa. Alikaa mlimani na watoto wake wawili, na kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu. Mwenye kutaka chungu alikuja na mahindi, akakijaza mpaka juu. Mahindi yakabaki kwa Nakijwa, chungu kikaenda na mwenyewe. Ndivyo watoto walivyokula.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Mlima ukamomonyoka, ukalifukia shimo la udongo walilolitegemea wafinyanzi wote. Wanawake wakachimba siku nne. Wapi! Mawe matupu.

Kima akashuka mtini. "Poleni, mama zangu," akasema. "Mimi ni mtembezi. Udongo mzuri naujua, uko ng'ambo ya kilima kile. Nibebeeni ndizi za njiani tu, nitawapeleka."

Wakambebea ndizi, wakaenda. Kufika, mchanga mtupu. Kima, tumbo limemjaa, akajikuna. "Lo! Kumbe ni kilima cha pili."

Siku ya pili wakambebea ndizi, wakaenda. Wakakuta udongo mwekundu, wakajitwika. Njiani Nakijwa akateleza na mzigo wake, mguu ukavimba. Hata hivyo akaufikisha nyumbani, akafinyanga chungu kidogo cha kujaribia, akakikausha kando ya moto, akakichoma. Pu! Vipande vitatu.

Siku ya tatu Kima akasema, "Nimekumbuka. Ni kilima cha tatu. Na leo ndizi ziwe mbivu."

Nankondo, wifi yake Nakijwa, akaja kumpitia. "Wifi, twende."

"Mguu haukanyagiki, wifi yangu."

"Basi kaa uhesabu wadudu!" Wakaondoka wakicheka.

Nakijwa akabaki. Mahindi ndani yalikuwa kibaba kimoja. Akaketi kwenye kigoda, akaanza kumenya kunde za mchana, nazo zilikuwa chache. Moyo wake ulikuwa mzito.

Sasa, mle ndani mlikuwa na nyigu, mweusi, kiuno kama uzi. Alikuwa akijenga chumba cha udongo kwenye boriti. Mara ya kwanza Nakijwa alikibomoa kwa ufagio. Nyigu akajenga tena. Mara ya pili akakibomoa. Na leo nyigu alikuwa ameanza tena.

"Mama Nakijwa," nyigu akauliza, "leo hubomoi?"

"Mguu unaniuma."

"Afadhali uume. Chumba hiki namjengea mwanangu, na hii ni mara ya tatu."

Nakijwa akaona haya. Akainama, akaokota kipande cha kile chumba alichokibomoa jana. Akakilowesha maji, akakisokota kwa vidole. Kikarefuka. Akakizungusha kwenye kidole gumba. Hakikukatika, wala hakikupasuka! Mikono ya mfinyanzi haidanganyiki.

"Nyigu, udongo huu unautoa wapi?"

"Umenibomolea mara mbili, sikwambii. Lakini sijifichi. Naenda na kurudi, na macho unayo."

Nyigu akaruka, akatoka. Nakijwa akaendelea kumenya. Hajamaliza ganda la nne, nyigu huyo amerudi, na tonge la udongo mdomoni, bichi, linang'aa.

Nakijwa akajisemea, "Kilima cha tatu mtu haendi akarudi kwa maganda manne ya kunde. Ni hapa hapa!"

Akashika fimbo na kikapu. Nyigu alipotoka, akamfuata akichechemea. Kwenye pembe ya jiko akampoteza. Chini palikuwa na msururu wa sisimizi.

"Sisimizi, mmemwona mwenye kiuno chembamba?"

"Kila siku tunamwona," sisimizi wakajibu. "Hupita juu yetu, akaelekea migombani."

Akangoja hapo mpaka nyigu akarudi na kutoka tena. Akamfuata hadi migombani, akampoteza. Juu ya jani palikuwa na kinyonga.

"He!" Nakijwa akasema. "Wewe unakaa hapa tangu lini?"

"Tangu ulipoolewa," kinyonga akasema. Jicho moja likamtazama Nakijwa, la pili likatazama bondeni. "Nyigu unayemfuata yule pale, anatua kwenye magimbi."

Mara ya tatu Nakijwa akangojea kwenye magimbi penyewe. Nyigu akaja, akatua, kichwa chini, mkia juu, akaanza kukwangua. Nakijwa akatenga majani. Mvua ile ile iliyofukia shimo ilikuwa imefunua ukingo, na chini yake udongo wa kijivu, laini kama samli iliyoganda.

Akacheka peke yake. Akajaza kikapu.

"Sasa umeona," nyigu akasema. "Na mimi utaniachia wapi?"

Nakijwa akachora mstari kwa fimbo. "Kuanzia hapa mpaka jiwe lile ni kwako. Jembe halitagusa."

Jioni wanawake wakarudi, matope mpaka magotini, vikapu vitupu. Kima yuko nyuma anatafuna. "Kumbe ni kilima cha nne," anasema.

Wakamkuta Nakijwa ana udongo mpaka viwikoni, na mbele yake vyungu viwili vibichi. Nankondo akaangusha kikapu.

"Wifi, umeutoa wapi?"

Angeweza kuficha. Lakini alijua kwa Nankondo nako kuna watoto.

"Nyuma ya migomba yangu. Njoo nikuonyeshe."

Nankondo akatazama chini. "Asubuhi nilikucheka."

"Ulinicheka, ndiyo. Shika kikapu."

Kima akauliza, "Na ndizi za kesho je?" Wanawake wakageuka wote pamoja. Kima mtini! Tangu siku hiyo hakuna anayempa ndizi kwa mkono, akizitaka, aibe.

Vyungu vikakauka, vikachomwa, hakikupasuka hata kimoja. Mahindi yakaingia nyumbani kwa Nakijwa, na kwa Nankondo pia.

Basi, ndugu zangu, Nakijwa alitembea siku mbili kutafuta kitu kilichokuwa nyuma ya nyumba yake, kwa kuwa hakuwahi kuwatazama anaoishi nao. Tazameni vinavyotambaa na kuruka kwenu kabla ya kuvifagia. Na anayewaongoza huku anakula chakula chenu, muulizeni mapema: tutafika lini?

Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayeipenda na aibebe; asiyeipenda aniachie, nitarudi nayo nyumbani.