Unaysa binti Jaabir na Dirisha la Tanuri

Wametusimulia waliotutangulia katika njia ya kheri, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika zama za kale palikuwa na mji wa milimani ukiitwa Lamaani, ambao watu wake walijaaliwa riziki yao katika ulanga. Ulanga ni lile jiwe ling'aalo linalobanduka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu. Wanaume waliuchimba mlimani, na wanawake wakaupasua kwa visu vyembamba mpaka ukawa karatasi ipitishayo nuru. Na kwa kuwa moto hauudhuru, watu waliutia kwenye taa ili upepo usizime utambi, na mafundi wakautia kwenye milango ya matanuri ili waone moto bila ya moto kuwafikia usoni. Makapi yake yalitwangwa, wakayanunua wapaka kuta ili nyumba za matajiri zimetamete.

Katika mji huo aliishi mwanamke mjane, Bibi Unaysa binti Jaabir, pamoja na binti yake Lubaba. Alipofiwa na mumewe alirudi kwa kaka yake, Munkadiri, aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa ulanga. Munkadiri ndiye aliyemlea tangu walipofiwa na baba yao. Alimpa chumba, akampa kazi ya kupasua ulanga katika ua wake, akamsomesha Lubaba, na alipokua akamtafutia mchumba katika nyumba ya watu wenye heshima. Unaysa hakuwahi kulala na njaa chini ya dari ya kaka yake. Ni lazima jambo hili lisemwe, kwani bila ya hilo mtu hawezi kujua uzito wa yaliyokuja baadaye.

Ikawa shimo lililokuwa likitoa ulanga mpana likaporomoka, yakabaki mashimo yatoayo vipande vidogo vidogo visivyofaa ila kwa taa. Wakati huohuo fundi wa vioo, Ghailani, mtu mchamungu aliyependwa mjini, akaagiza dirisha pana la tanuri lake jipya. Munkadiri hakutaka kusema hana. Akachukua vipande vidogo, akavigandisha kwa gundi, kimoja juu ya kingine, akavisugua vikalainika, kisha akazungushia fremu ya shaba. Ukiutazama ulanga ule kwenye jua, ungeapa kwamba umetoka mlimani ukiwa hivyo.

Unaysa alimwona akifanya kazi hiyo.

"Kaka," akamwambia, "hii kwenye taa itakaa. Kwenye tanuri haitakaa. Gundi itaungua."

"Itakaa," akajibu Munkadiri bila ya kuinua kichwa. "Nimeigandisha mwenyewe."

"Basi mwambie Ghailani kwamba imeungwa, aamue mwenyewe."

Munkadiri akaweka chombo chini, akamtazama. "Mdogo wangu, nikimwambia hivyo atakwenda kununua mji mwingine, na wengine watamfuata. Lubaba ataolewa kwa mali gani? Pasua ulanga wako, mambo ya soko niachie mimi."

 Unaysa akaokota kisu chake, akaendelea kupasua. Na Ghailani alipokuja dukani, kando ya ua, kuchukua dirisha lake, akauliza, "Ni kipande kimoja hiki?" Munkadiri akasema, "Kimoja, kama alivyokiumba Mola." Unaysa aliyasikia maneno hayo akiwa uani, na hakusema neno.

Dirisha likakaa kwa muda. Kisha asubuhi moja, Ghailani akiwa ameinamia mlango wa tanuri kutazama rangi ya kioo kinachoyeyuka, ulanga ukafunguka, na moto uliobanwa ndani ukatoka pale na kumpiga usoni. Walimtoa akiwa hai. Macho yake mawili yalikuwa yameteketea.

Mji ukalia, na watu walipomaliza kulia wakatafuta wa kumlaumu. Mchochea moto wa tanuri lile alikuwa mtu mmoja aitwaye Rubaa, aliyekuwa mtumwa zamani akaachwa huru, mgeni asiyekuwa na ndugu wala ukoo katika nchi ile. Wakasema ametia kuni mbichi. Wengine wakasema amejaza kuni kupita kiasi kwa uvivu wa kurudi tena. Munkadiri alipoulizwa alisema, "Ulanga wangu hauna kasoro. Moto ukizidishwa hata chuma kinapinda." Kadhi akahukumu kwamba Rubaa achapwe viboko hadharani kwa uzembe wake, kisha afungwe mpaka atoe dia, yaani fidia ya macho ya Ghailani. Na mtu asiyekuwa na jamaa wa kumsaidia dia, kifungo chake ni cha mpaka kufa.

Unaysa alikuwa miongoni mwa waliosimama sokoni siku Rubaa alipochapwa. Hakukusudia kwenda. Alitumwa chumvi, akakuta njia imejaa watu. Alimwona Rubaa akivuliwa kanzu. Alisikia akisema, "Wallahi kuni zilikuwa kavu," tena na tena, mpaka sauti ikamkatika akawa anapumua tu. Unaysa akarudi nyumbani bila ya chumvi.

Tangu siku ile chakula hakikumshuka. Akisimama kuswali anasahau rakaa. Akimtazama kaka yake anamwona yuleyule aliyembeba mgongoni siku walipomzika baba yao. Akafunga, akaomba, akamlilia Mola amfungulie Rubaa mlango mwingine usiopita kwake. Mlango mwingine haukufunguka.

Mwisho akamwendea Munkadiri.

"Kaka, nenda kwa kadhi ukaseme. Ukisema mwenyewe ni toba. Nikisema mimi ni fedheha."

"Utasema nini wewe?"

"Nilichokiona."

Munkadiri akaenda kufunga mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimekulisha, Unaysa. Nimemlea mwanao. Yule Rubaa amekupa nini?"

"Hajanipa kitu," akasema Unaysa. "Mimi ndiye niliyempa. Nimempa mgongo uliochanika."

Munkadiri hakwenda. Basi Unaysa akajifunika buibui lake, akaenda peke yake mahakamani, akasimama mbele ya kadhi na watu wote, akaeleza: vipande, gundi, fremu ya shaba, na maneno aliyoyasikia akiwa uani. Hakujificha. Alisema pia, "Na mimi nilijua nikanyamaza."

Kadhi akamwita Munkadiri, akamtaka aape. Watu wakadhani hataweza. Munkadiri akamtazama dada yake, akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba ulanga ule ulikuwa kipande kimoja.

 Hapo ndipo Ghailani, aliyekuwa ameketi pembeni akiwa amefungwa kitambaa usoni, akaomba ruhusa ya kusema.

"Ewe kadhi, dukani kwa Munkadiri kuna madirisha mengine ya fremu ya shaba. Liletwe moja, na uletwe mkaa. Mimi sioni tena, lakini kuna harufu niliyoisikia asubuhi ile kabla ya moto kunifikia, na sijaisahau."

Likaletwa dirisha, likawekwa juu ya mkaa unaowaka. Watu wakasogea. Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha ulanga ukaanza kuwa mweupe katikati, vipande vikajikunja na kuachana, na moshi mwembamba ukapanda. Ghailani akainua uso.

"Ndiyo hii," akasema. Akalia bila ya machozi, kwani hakuwa na macho ya kuyatoa.

Rubaa akafunguliwa. Mali ya Munkadiri ikauzwa kwa ajili ya dia, na ushahidi wake ukawa haukubaliwi tena katika jambo lolote, kwa kiapo chake cha uongo. Wanunuzi wa miji ya mbali waliposikia habari wakaacha kununua ulanga wa Lamaani, mwema na mbaya, kwani nani angeweza kuutofautisha? Wachimbaji waliokuwa hawajatenda kosa lolote wakakaa bila ya kazi. Na watu wa mji, badala ya kumlaumu aliyegandisha, wakamlaumu aliyesema. Wakipita karibu na Unaysa wanageuza nyuso. Nyumba ya mchumba ikarudisha posa. Lubaba akamwambia mama yake, "Mama, ungenyamaza tu. Kila mtu alikuwa ananyamaza."

Unaysa alimtafuta Rubaa ili amwombe radhi. Akamkuta nje ya mji akifunga mzigo wake kuondoka, akiinama kwa taabu kwa sababu ya mgongo.

Rubaa akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Siku ile nikichapwa, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa palepale," akasema Unaysa. "Kisha nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye chakula cha kaka yangu."

Rubaa akatikisa kichwa. "Mola akulipe kwa uliyosema," akasema, "na akuhukumu kwa uliyoyanyamazia." Akajitwisha mzigo wake, akaenda zake, na haikujulikana alikoishia.

Munkadiri alihamia kibanda cha pembeni mwa mji, akaugua. Unaysa, ambaye sasa alikuwa akitwanga makapi ya ulanga kwa wapaka kuta, mikono na kope zikimeta kwa vumbi lisilotoka hata kwa udhu, alimpelekea chakula kila alipopata. Chakula kikarudishwa kama kilivyokwenda. Hakuacha kukipeleka. Maradhi yalipozidi, wifi yake, mke wa Munkadiri, alimwonea huruma akamfungulia mlango.

Munkadiri alikuwa amelala akielekea ukutani.

"Kaka, ni mimi."

"Najua. Umemwokoa mgeni kwa kumuua ndugu yako."

"Nilitaka usikutane na Mola wako ukiwa umebeba macho ya mtu na mgongo wa mtu. Nisamehe kwa maumivu niliyokupa. Lakini kwa ile kweli niliyoisema siwezi kuomba msamaha."

Munkadiri hakugeuka. Unaysa akakaa pale chini, akimsomea na kumwombea, akingoja neno moja. Munkadiri alikufa bila ya kulisema.

Wanasema Bibi Unaysa aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuna siku iliyopita bila ya kumwombea kaka yake maghufira. Wanawake waliokuwa wakitwanga naye walimuuliza, alipokuwa mzee, iwapo aliwahi kujuta. Akasema, "Naam. Ninajuta kwamba nilisema baada ya watu wawili kuumia. Ningesema dukani, siku ile Ghailani alipouliza, kaka yangu angekasirika jioni ile, na asubuhi tungekula pamoja."

Enyi ndugu, tumezoea kusikia kwamba mkweli hulipwa hapa hapa, nyumba yake ikajaa na adui zake wakamrudia. Bibi huyu hakulipwa hapa. Alipoteza kaka, heshima, na furaha ya mwanawe, na aliyemwokoa hakumsamehe. Akasubiri, na hakuyabadilisha maneno yake. Tusimwonee huruma kupita kiasi, huenda malipo yake ni makubwa kule tusikokuona. Bali tujionee huruma sisi ambao kila siku tumesimama uani, tunasikia uongo ukisemwa dukani, na bado kuna wakati wa kufungua mdomo. Mwenyezi Mungu amrehemu Unaysa binti Jaabir, amsamehe Munkadiri, na asitujaalie kweli ifikayo ikiwa imechelewa.