Nyota ya Ndoo

Dkt. Sikujua Mbonde alimpelekea mhariri Mhina utafiti wake kuhusu jinsi maji ya kunywa yanavyochafuka ndani ya ndoo zisizofunikwa. Mhina, ambaye jarida lake halikosekani saluni yoyote, alicheka mpaka akakohoa.

“Daktari, wasomaji wangu wanataka udaku na nyota. Hizo nyota hata mimi huzichapisha bila kuzisoma. Tena mnajimu wangu amenikimbia.”

“Basi niachie mimi.”

“Wewe, na shahada zako zote?”

“Hata msomi anataka kusomwa, mheshimiwa.”

Siku jarida lilipotoka, Mhina alipiga simu.

“Daktari, mimi nyota yangu Ndoo! Umeandika Ndoo isipofunikwa wiki hii, nyumba nzima itaharisha. Sasa nijifunike nini?”

“Mfuniko, mheshimiwa. Marejeo ya utafiti utayakuta kwenye nyota ya Samaki.”