Jiwe la Penina

Paukwa!

— Pakawa!

Aka! Mnaitika kama mmefunga. Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kilichoshika Torati. Kila mwaka walikuwa na Siku ya Upatanisho: hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna kazi, tangu jua linapozama mpaka lizame tena. Na kabla ya mfungo kuanza, kila mtu alimwendea aliyemkosea akamwomba radhi.

Mlangoni pa nyumba ya sala alikaa Bibi Yokebedi. Mfupi, mkali, meno ya kuhesabu. Kila aliyekuja alimuuliza, "Umetoka kwa nani?"

"Kwa jirani, Bibi. Nilimpiga mbuzi wake."

"Pita."

"Kwa mama mkwe."

"Pole. Pita."

Akaja Elkana, tajiri wa ng'ombe, kanzu nyeupe pe!

"Umetoka kwa nani?"

"Kwa Mungu, Bibi! Nimesali tangu alfajiri, magoti yanawaka moto."

"Mungu hana shamba linalopakana na lako. Umetoka kwa nani?"

Kijiji kizima kilijua. Msimu wa kulima Elkana alisukuma jiwe la mpaka, akamega shamba la dada yake Penina, mjane mwenye watoto. Na Torati imekataza waziwazi kuliondoa jiwe la mpaka.

Akaenda, pata, pata, pata. Akamkuta Penina anakoroga uji.

"Dada, nisamehe."

"Nimesikia. Jiwe liko wapi?"

"Nitalirudisha baada ya sikukuu."

"Basi nitakusamehe baada ya sikukuu."

Akarudi, pata, pata, pata.

"Umetoka kwa nani?"

"Kwa Penina. Amekataa!"

"Jiwe liko wapi?"

"Bibi, jua linazama! Nikilisukuma sasa nitakosa chakula, nitaanza kufunga na njaa!"

"Na wanawe walikula nini mwaka huu?"

Elkana akainamisha kichwa. Aibu ilimshika kweli.

"Jua likizama, jiwe hutaligusa tena," Bibi akasema. "Kesho utasimama mbele za Mungu na shamba la mjane mgongoni."

Elkana akatimua mbio. Kanzu akaitupa kule. Akasukuma, grru! Jiwe zito. Grru! Jua limebaki ukucha tu. Mara akaona mikono mingine kando ya yake. Penina! Wakasukuma wote wawili, grru, grru, tu! Jiwe likaketi kwenye shimo lake la zamani.

Elkana akalia, hata makamasi hakufuta. "Nisamehe, dada yangu."

"Nimekusamehe. Twende, tumechelewa."

Bibi Yokebedi akaiona mikono yao imejaa udongo. Safari hii hakuuliza kitu. "Piteni," akasema.

Elkana alifunga na njaa yake. Kesho yake jioni, pembe ya kondoo ilipolia puuuu kumaliza mfungo, aliyemtilia uji wa kwanza alikuwa Penina.

Bibi Yokebedi alishazikwa zamani. Lakini mpaka leo, mtu akizidisha sala pale kijijini, watu humuuliza, "Jiwe liko wapi?"

Nanyi sikieni: la Mungu mpelekee Mungu, la Penina mpelekee Penina. Tena usiende mikono mitupu.

Hadithi yangu imefika mpakani, nami sivuki.