Mfasiri Aliyezoea Sifuri

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Leo nina hesabu ambayo jibu lake sinalo, na huenda mmoja wenu analo.

Katika kituo kidogo cha kupima mvua, kwenye nchi ya wakulima wa mtama, walifanya kazi watu watatu. Dada Nyemo alikuwa na kipaji cha kupunguza: mpe jambo refu, atalikata mpaka libaki dogo lenye shida ileile. Pendaeli alijua kusoma lugha ya mashine, ambayo wengine tukiitazama tunaona vurugu tu. Tungaraza alikuwa fundi wa kutengeneza kimoja bila kuharibu kingine.

Kituo kilikuwa na programu iliyokusanya vipimo vya mvua kutoka mashamba mia mbili, ikakadiria maji yaliyobaki ardhini, kisha ikawaambia wakulima siku ya kupanda. Wakiwahi, mbegu huoza au hukauka. Wakichelewa, unyevu umeshaondoka.

Ndani ya kompyuta kulikuwa na programu nyingine, mfasiri. Kazi yake ilikuwa kugeuza maagizo ya watu kuwa lugha ya mashine papo hapo, hesabu ikiendelea. Ili awe mwepesi, alitazama namba za kwanza, akakisia ni za aina gani, akazitengenezea njia yao.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kirefu. Miezi mitano mfasiri alipewa sifuri, sifuri, sifuri. Kisha mvua ikanyesha siku tatu. Nyemo akaingiza vipimo, na kompyuta ikaandika: "Nilitegemea namba kamili, nimepewa yenye desimali." Ikasimama.

Simu ikalia. Alikuwa Mama Mbeleje, mwenyekiti wa wakulima.

"Shikamoo, mama," alisema Nyemo.

"Marahaba. Tupande, au tuendelee kutazama mawingu?"

"Kompyuta imegoma, mama."

"Inadai nini? Si mjumlishe kwa vidole?"

"Vidole vya kijiji kizima havitoshi."

"Basi fanyeni haraka. Udongo utatungoja siku mbili, hazizidi."

Nyemo akaanza. Programu ilikuwa na mistari elfu tatu. Akaondoa hesabu ya udongo, ikagoma. Akaondoa hesabu ya jua, ikagoma. Akaendelea kukata mpaka ikabaki mistari minne: anza na sifuri, ongeza sifuri, ongeza sifuri, ongeza tatu nukta tano. Ikagoma palepale.

"Kumbe ni kiangazi," alisema. "Kimemzoesha mfasiri sifuri."

Pendaeli akachukua mistari ile minne, akafungua kile ambacho mfasiri alikuwa ameandika kwa lugha ya mashine. Alisoma kutwa nzima, kidole kwenye kioo. Mfasiri alikuwa ameiandalia jumla kisanduku cha namba kamili, na desimali ilipofika hapakuwa na njia ya kurudi kukisia upya.

"Kukisia vibaya si tatizo," alisema Pendaeli. "Tatizo ni kwamba hawezi kubadili mawazo."

"Kama wewe kwenye bao," alisema Tungaraza.

Zamu ikawa ya Tungaraza. Kwanza alimlazimisha mfasiri aone kila namba kuwa ya desimali. Hata siku zikahesabiwa kwa desimali, programu ikaenda kutafuta siku ya tatu na nusu. Pendaeli akacheka mpaka akashika meza. Tungaraza akafuta, akaanza upya: ikija namba ya aina nyingine, mfasiri arudi nyuma, apanue kisanduku, ahamishe jumla, aendelee. Akaijaribu kwa vipimo vya miaka kumi iliyopita. Hakuna kilichoharibika.

Kompyuta ikajibu: pandeni kesho.

Asubuhi wote watatu wakaenda shambani. Mama Mbeleje alikuwa amechimba shimo la kwanza. Desturi yao pale ni kwamba shimo hilo hutiwa mbegu na mtu mmoja, yule aliyeleta habari ya kupanda, na mtama wa mwaka ule huitwa kwa jina lake mpaka mavuno. Watu wawili hawaruhusiwi, hata wakiwa mapacha.

"Haya, ni nani?" aliuliza.

"Bila mistari yangu minne, wenzangu wangekuwa bado wanatafuta," alisema Nyemo.

"Mistari yako ilionyesha mfasiri anagoma lini, dada. Mimi ndiye niliyeona kwa nini," alisema Pendaeli.

"Na mlipokwisha kujua lini na kwa nini, bado alikuwa amegoma," alisema Tungaraza.

Mama Mbeleje aliwatazama mmoja mmoja. Mbegu zilikuwa kiganjani mwake, nyuma yake wakulima wameshika majembe, na jua lilikuwa linapanda.

"Wote mmesema kweli," alisema, "na shimo ni moja."

Akageuka kwa watu, nami nawageukia ninyi. Mngezitia mbegu zile mkononi mwa nani, na mngewaambia nini wale wawili waliobaki?